Mbio za GPS na marafiki: jinsi ya kuziandaa msituni Karura

Karibuni. Leo tunaandaa mbio za kusaka vituo kwa GPS ya mkononi: timu nne za watu wawili wawili, vituo 10, muda dakika 90. Uwanja wetu ni msitu wa Karura, Nairobi. Kwanza zungumza na ofisi ya msitu mapema, ueleze mtaweka alama na mtaziondoa lini. Hapo watu hufuata njia zilizowekwa, kwa hiyo vituo vyote viwe hatua chache tu kutoka njiani.

Sasa shika kifaa chako, fungua mipangilio. Sehemu hii ndiyo inayoharibu mbio nyingi, tusiikimbilie. Vifaa vyote, narudia, vyote, viwe na muundo mmoja wa kuandika mahali. Sisi tunatumia nyuzi na dakika zenye desimali. Tazama skrini: nyuzi 1, dakika 14.500 Kusini. Ukiigeuza kuwa nyuzi tupu ni 1.24167. Mwenzako akiiandika 1.14500, mshale utampeleka karibu kilomita 11 kaskazini, huko Kiambu. Akisahau kubadilisha N (kaskazini) kuwa S (kusini), ameruka ikweta: zaidi ya kilomita 270. Kifaa hakitalalamika, chenyewe kinatii tu ulichoandika.

Chini yake kuna datamu, yaani mfumo wa msingi wa kupimia mahali duniani. Chagua WGS 84. Ramani za zamani za Kenya zimechorwa kwa Arc 1960, na ukichanganya hizo mbili kituo kinasogea takriban mita 300. Mtu atazunguka kichaka kisicho na kitu huku GPS ikimwambia amefika.

Tukaweke vituo. Washa kifaa mahali pa wazi usubiri. Kilichokaa kabatini miezi kadhaa kinaweza kuhitaji zaidi ya dakika 12 kupokea orodha kamili ya setilaiti. Kifaa cha Garmin aina ya eTrex kishike bapa, skrini ikitazama juu. Garmin nyingine, GPSMAP 64, yenye antena nene kichwani, isimamishe wima. Ukifika kwenye kituo usihifadhi nukta (namba za mahali hapo) papo hapo. Tumia kipengele cha wastani, kinachopima mahali mara nyingi, uache kifaa kitulie dakika mbili tatu. Chini ya miti mikubwa kosa la mita 10 ni la kawaida, na kifaa cha mchezaji nacho kina kosa lake. Ndiyo maana alama ionekane ukiwa umbali wa mita 15 hivi: utepe wa rangi ya chungwa uliofungwa usawa wa macho. Msumari kwenye mti, hapana.

Kwenye kila utepe andika herufi mbili za ovyo ovyo, mfano KT au MB; wachezaji watazinakili kwenye kadi yao kuthibitisha wamefika. Usitumie 1, 2, 3, maana mjanja atajaza kadi akiwa amekaa kivulini. Wape penseli, kalamu ya wino huchafuka kadi ikilowa.

Nukta zikikamilika, zihamishe kwa faili moja ya GPX (aina ya faili ya kubebea nukta za GPS) kupitia kebo ya USB. Kuandika kwa mkono nukta 10 mara nne ni kuomba makosa. Kisha fungua kila kifaa, linganisha umbali wa kutoka langoni hadi kituo cha kwanza. Vinne vitofautiane kwa mita chache tu.

Pointi za mchezo: kituo cha karibu 10, cha mbali 30. Kila dakika ya kuchelewa, toa 5. Bila adhabu hiyo watu hawarudi, nanyi mtabaki mnawasubiri mpaka jioni.

Kabla ya kuanza, waambie wachezaji mambo mawili. Mshale unaonyesha mstari ulionyooka, hauoni mto wala bonde. Mita 200 za skrini zinaweza kuwa kilomita nzima ya kuzungukia daraja. Pia, kwenye kifaa kisicho na dira ya ndani, mshale ni wa kuaminika ukiwa unatembea. Ukisimama unayumba, na wengi hapo ndipo hugeuka walikotoka.

Anzisheni timu kwa kupishana dakika tatu, kila moja ikiwa na kituo chake cha kwanza, zisifuatane mgongoni. Kila mtu abebe filimbi, simu yenye chaji na betri za akiba. Chakula kisiachwe langoni bila mlinzi, kima hawana subira.

Mwisho hesabu watu kabla ya kuhesabu pointi, kisha timu iliyoshika mkia ikaokote tepe zote 10.