Kati ya Kiti na Kitanda: Urafiki na Matamanio katika Filamu za Ulemavu na Ugonjwa Usiopona

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na mkato mmoja ambao mmeuona mara nyingi bila kuutilia maanani. Jioni, mhusika amekaa kwenye kiti mwendo. Shoti inayofuata yuko kitandani, shuka imemfika kifuani, mpenzi wake yuko kando. Nani alimhamisha? Nani alimvua viatu? Filamu imeruka hapo, na mimi nasema hapo ndipo hadithi yenyewe ilipokuwa.

Tuangalie kilichorukwa. Chukueni mtu aliyepooza kuanzia shingoni. Kiti kinasogezwa karibu na kitanda, breki zinafungwa, na kama ni cha umeme kinazimwa kabisa. Vikanyagio vinaondolewa. Turubai la kunyanyulia linashushwa nyuma ya mgongo hadi kwenye makalio, na ncha zake mbili za chini zinapitishwa chini ya mapaja, zinapishanishwa, kisha zinatundikwa kwenye mashine inayomnyanyua. Zisipopishanishwa, mapaja hupanuka na mtu anaweza kuteleza akaanguka. Akishalazwa, anageuzwa ubavu mmoja, turubai linakunjwa, anageuzwa wa pili, linatolewa. Halafu unaangalia mpira wa mkojo, usije ukawa umekunjika chini ya paja. Hilo si jambo dogo. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kibofu kikijaa shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla. Kichwa kinagonga, uso unaiva, jasho linamtoka. Hapo mapenzi yamekwisha, hiyo ni dharura: unamkalisha wima na kuutafuta mpira ulipobanwa.

Kazi hii anaifanya mtu wa tatu, na ndiyo maana urafiki katika filamu hizi si pambo. Mtu asiyeweza kujivua shati mwenyewe, tamaa yake ya siri kuliko zote lazima ipitie kwenye mikono ya mwingine. Lazima aiseme kwa mdomo, amwambie mtu, na mtu huyo akubali au akatae. Mwandishi wa muswada anayeliona hili amepata dhahabu. Anayelikwepa hubaki na huruma tu.

Filamu ya Ubelgiji iitwayo Hasta la Vista, iliyoongozwa na Geoffrey Enthoven mwaka 2011, imejengwa juu ya jambo hilihili. Vijana watatu wa Kiflemi, yaani Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, hawajawahi kulala na mwanamke. Philip amepooza mwili. Jozef haoni vizuri, amebakiza mwanga kidogo tu. Lars ana uvimbe kwenye ubongo usiotibika, na tayari anatumia kiti mwendo. Wanapanga kwenda Hispania kwenye danguro linalopokea wateja wenye ulemavu, na wazazi wanaambiwa kwamba ni safari ya kuonja mvinyo. Wazo lilitokana na maisha ya Asta Philpot, mwanamume aliyezaliwa na viungo vilivyokakamaa, ambaye BBC ilitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu safari yake mwaka 2007.

Najua wengine humu ndani hawakubaliani na danguro, na sina nia ya kuwashawishi. Ninachoomba ni kwamba mtazame jinsi mwongozaji anavyowagawia watu watatu mwili mmoja. Jozef ana miguu na mikono, lakini hajui ukingo wa barabara uko wapi. Philip ana macho na ulimi mkali, lakini hawezi kujinyanyua. Mwenye ulimi anaelekeza, mwenye mikono anasukuma, na wakigombana safari inasimama palepale. Urafiki wao tunauona kwa macho, hakuna anayetuhutubia kwamba wanapendana. Kisha anaingia Claude, dereva wa gari, mwanamke mnene anayeongea Kifaransa. Wanamsema kwa Kiflemi wakiamini haelewi, kumbe anaelewa kila neno. Hapa filamu inatoboa jambo ambalo nyingi huliogopa: mtu mwenye ulemavu anayelia kwamba dunia inamtazama mwili tu, naye anaweza kumtazama mwenzake vilevile. Jozef, asiyeona vizuri, ndiye anayempenda Claude.

Sasa twende California, kwenye filamu The Sessions ya mwaka 2012. Mwongozaji wake, Ben Lewin, aliugua polio utotoni na hutembea kwa magongo. Inamhusu Mark O'Brien, mshairi na mwandishi wa habari wa Berkeley aliyepooza kwa polio akiwa na umri wa miaka sita, akafariki mwaka 1999.

Kabla ya kuandika mapenzi ya mhusika kama huyu, ujue kwanza ugonjwa wake unafanya nini. Polio huharibu neva zinazoamrisha misuli, haigusi zile za hisia. Mark hawezi kuinua mkono, lakini ukimgusa anahisi kila kitu, na pengine kwa ukali, kwa kuwa wanaomgusa ni wale wanaomwogesha tu. Aliyevunjika uti wa mgongo ni kinyume: chini ya pale alipoumia, mara nyingi harakati na hisia vyote vimepungua au vimetoweka. Ukichanganya hawa wawili, tukio zima la kitandani linakuwa uongo, hata mwigizaji awe hodari namna gani.

Mark analala ndani ya pafu la chuma. Ni silinda inayommeza mtu mzima, kichwa tu kikiwa nje, na shingo imezungushiwa ukosi wa mpira usiopitisha hewa. Mvukuto wa umeme hushusha shinikizo ndani ya silinda, kifua kinapanuka, hewa inaingia kwa pua na mdomo. Shinikizo likirudi juu, kifua kinashuka. Mark anaweza kukaa nje ya chombo hicho kwa saa chache tu. Kwa hiyo kila anapokutana na Cheryl, mwanamke aliyesomea kazi ya kuwafundisha watu tendo la ndoa kwa kulala nao, saa inahesabu pumzi zake. Makubaliano ni mikutano isiyozidi sita. Halafu umeme unakatika usiku, Mark akiwa peke yake, anajaribu kupiga simu kwa fimbo anayoishika kwa meno, na fimbo inamponyoka. Dakika ile inaeleza utegemezi kuliko hotuba ya saa nzima.

Kwa uti wa mgongo, tazameni Intouchables ya Ufaransa, ya mwaka 2011. Philippe, aliyepooza kuanzia shingoni, anamweleza msaidizi wake Driss kwamba raha yake imehamia masikioni. Watazamaji hucheka, lakini ni kweli ya mwili: palipo juu ya jeraha ngozi bado inahisi, na wengi huripoti kwamba huko hisia zimekolea. Filamu nyingine, ya India, Margarita with a Straw ya mwaka 2014, ina kitu kimoja kidogo ninachokipenda. Ni mrija. Msichana mwenye mtindio wa ubongo anaagiza kinywaji chake na kukinywa kwa mrija, kwa sababu mkono wake hautulii na bilauri ingemwagika. Uhuru wote wa msichana yule umekaa kwenye mrija.

Kuhusu kamera nitasema kwa kifupi. Macho ya mtu mzima aliyekaa kwenye kiti mwendo yako kama sentimita 120 kutoka sakafuni. Kamera ikiwekwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, mhusika wako ataonekana mtoto filamu nzima, na hutajua kwa nini mapenzi yake hayaaminiki.

Na waigizaji? Hapa nina dukuduku. John Hawkes, aliyemwigiza Mark, aliweka chini ya mgongo wake kipande cha sponji kikubwa kama mpira wa miguu ili uti upinde, na kazi yake naiheshimu. Lakini sponji huondolewa jioni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waigizaji wenye ulemavu wapo.

Lawama yangu ya mwisho inahusu kifo. Waandishi hupenda kumpa mgonjwa anachokitamani usiku, kisha wamuue asubuhi, kana kwamba raha ina bei na imelipwa. Hasta la Vista haikuiepuka kabisa hatari hii. Inaokolewa na kwamba hali ya Lars tunaijua mapema, na kwamba wenzake hawageuzwi wanafunzi wa kifo chake: wanabaki na hasira, kiti kitupu, na njia ndefu ya kurudi.

Sasa tuzime taa. Tutatazama sehemu ya moteli katika The Sessions. Cheryl na Mark wako chumbani, mlango umefungwa. Msiwafuate wao kwanza. Mtazameni Vera, msaidizi aliyemsukuma Mark hadi pale, anavyosubiri nje huku akizungumza na karani wa mapokezi.