Pedi za breki kwa gari la kila siku: mhadhara kwa madereva wa Mtwara

Shikamooni wazee wangu, habari zenu ndugu zangu. Najua wengine mna abiria wanaowasubiri stendi, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Mtu anaingia duka la spea, anauliza: "Una breki pedi za Toyota IST?" Muuzaji anamjibu kwa swali: "Unataka za shilingi ngapi?" Mazungumzo yameshaharibika hapo hapo. Ilitakiwa kwanza ijulikane gari linapita wapi na linabeba nini. Wewe unayetoka Shangani kwenda sokoni, na safari yako ndefu ni Mikindani, na mwenzako anayepakia watu watano na magunia ya korosho kutoka Newala kuteremkia Masasi, mna IST zinazofanana kwa sura tu. Kazi ya breki zenu hailingani hata kidogo.

Naomba mnivumilie, nipige hesabu. Gari likiwa na watu na mizigo tuliweke kilo 1,400. Likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa ukalisimamisha kabisa, breki zinameza nishati ya kama kilojuli 345. Nishati hiyo inageuka joto kwenye pedi na diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi. Sasa chukua mteremko unaoshuka mita 300, nazipima kwa wima, siyo urefu wa barabara. Ukishuka kwa mwendo uleule na breki zikabeba kila kitu, zimemeza zaidi ya kilojuli 4,100. Ni kama kusimama kutoka 80 mara 12 mfululizo, na diski haijapewa nafasi ya kupoa. Upepo na injini hupunguza sehemu ya mzigo huo. Lakini yule anayeteremka frii ili aokoe mafuta, msaada wa injini ameutupa mwenyewe. Nawaona mnaangaliana.

Kwa hiyo kinachotupa tabu ni joto. Pedi ni bati la chuma lililogandishwa mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini, grafaiti na gundi ya kuvishika vyote. Joto likizidi uwezo wake, gundi inaanza kutoa gesi, uso wa pedi unateleza, na mguu unakanyaga pedeli ngumu kabisa huku gari likiendelea kwenda. Dereva anasema breki zimekata. Pedi ipo palepale, imezidiwa joto tu.

Na humo ndani ya mchanganyiko kuna kitu chetu. Yale mafuta ya ganda la korosho, yanayowababua mikono akina mama wanaobangua, viwandani hupikwa yakaganda, yakasagwa kuwa unga, na unga huo hutiwa kwenye pedi nyingi duniani. Unapunguza kelele na unasaidia breki kushika kwa utulivu. Korosho yetu nyingi inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, ganda likiwa juu yake. Sasa wewe unapolipia boksi la pedi hapa Mtwara, usishangae ikiwa ndani yake kuna unga uliotokana na ganda la Tandahimba. Hilo la viwanda tuwaachie wanasiasa, turudi dukani.

Utakutana na pedi za namna tatu. Kuna zisizo na chuma kingi, mafundi wengine huziita laini: hazipigi kelele, hazili diski, zinashika vizuri zikiwa baridi, ila huchoka mapema kwenye joto kali. Kuna zenye chuma kingi, ambazo hustahimili joto vizuri zaidi, lakini zina kelele, vumbi lake jeusi linachafua rimu, na diski inaliwa haraka. Halafu kuna za seramiki, kimya na safi, na bei yake iko juu. Kwa gari dogo la mjini, laini nzuri au seramiki inatosha kabisa. Hiace, pikapu, na IST ile ya Newala wakati wa msimu, hapo nitawatetea wanaonunua zenye chuma.

Ninachopinga ni ule usemi wa vijiweni kwamba pedi ngumu ndiyo bora kwa sababu inadumu. Inadumu kwa kula diski, na diski ni ghali kuliko pedi. Kuna kijana kaniuliza hapo mlangoni kuhusu pedi za magari ya mashindano. Mwanangu, zile ni kama jiko la mkaa, mpaka zikolee ndipo zifanye kazi. Kutoka Ligula hadi bandarini hazitakolea, na mtoto akikatiza barabara asubuhi, gari lako litasimama mbali kuliko la mwenzako mwenye pedi za kawaida.

Sasa geuza pedi, tazama nyuma ya bati au ubavuni. Mara nyingi kuna maandishi marefu, na kati yake herufi mbili pamoja: EE, FE, FF, GG. Ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto sana. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Mtu wa mteremko aitazame sana herufi ya pili. FE maana yake ikipata moto inalegea. FF inakaa palepale. Herufi hizo hazisemi itadumu miezi mingapi wala kama itapiga kelele, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba G ni "daraja la juu". Gari liliundwa kwa kiwango fulani, na ukiweka breki za mbele zinazoshika kupita kiasi unavuruga mgawanyo wake na breki za nyuma.

Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyoidhinisha pedi, E1 ni Ujerumani, E11 ni Uingereza, na pembeni yake namba inayoanza na 90R. Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90. Pedi ya gari dogo iliyopita hapo imepimwa ikaonekana msuguano wake hautofautiani na ule wa pedi ya awali ya gari kwa zaidi ya asilimia 15. Kanuni hiyo inataka pia boksi liwe na lakiri ambayo ikifunguliwa itaonekana. Pedi za Kijapani nzuri tu zinaweza kukosa alama hii, kwa sababu soko lao si Ulaya. Na anayetengeneza feki naye anajua kuchora duara. Ndiyo maana baada ya kusoma maandishi, shika pedi yenyewe: kingo zisimeguke kwa ukucha, pasiwe na ufa au mwanya kati ya bati na kilichogandishwa, mabati yote manne yalingane unene. Ikikosa hata kimoja, irudishe, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Nenda dukani na kadi ya gari, au piga picha namba ya chesisi. IST ya kwanza ilitoka 2002, ya pili 2007, usidhani pedi za hii zitaingia kwenye ile. Pedi halisi za mbele za Toyota, namba yake huanza na 04465, za nyuma 04466. Na IST nyingi za kwetu nyuma hazina pedi, zina dramu, yaani ngoma ya chuma, na breki shuu zinazoibana kwa ndani, kwa hiyo mtu akikuuzia "seti ya miguu minne", muulize anakusudia nini.

Upande wa kufunga, sisi wa pwani tuna adui anayeitwa chumvi. Pini za kalipa, kile kibanio kinachozisukuma pedi kwenye diski, zinashika kutu, kalipa haitembei, pedi ya ndani inaisha huku ya nje ikiwa bado nene. Watu wanalaumu pedi. Mwambie fundi atoe pini, azisafishe, apake grisi maalumu ya breki inayohimili joto, siyo ile ya beringi. Vumbi asilipulize kwa kompresa, alifute kwa kitambaa kibichi. Pedi za zamani ziliwekwa asbesto, inaleta saratani, na huwezi kujua kwa macho iliyomo kwenye gari lako.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu mnaijua. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni, pedeli inazama hadi chini, na hapo pedi ya bei yoyote haikusaidii. Kila baada ya miaka miwili badilisha, na fundi atoe hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa breki, gurudumu kwa gurudumu.

Pedi zikishafungwa, kanyaga pedeli mara kadhaa kabla gari halijasogea. Kisha, ili pedi na diski zizoeane, tafuta barabara tupu, kimbia 50, punguza taratibu hadi 20, achia, acha zipoe kidogo, rudia kama mara kumi. Usisimame kabisa.

Maswali. Ndiyo, mama, karibu.

Mama anauliza: mguu mmoja tu ndio unalia, je, anunue za upande huo peke yake? Hapana, mama. Za mbele hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, vinginevyo gari litavuta upande ukikanyaga breki. Kama mlio ni wa filimbi, hicho mara nyingi ni kibati cha onyo kinagusa diski, pedi imebaki milimita mbili au tatu, panga kubadilisha wiki hii. Kama ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma, gari lako liache hapo hapo lilipo, nitakuelekeza kwa fundi aje alifuate. Nani mwingine? Wewe wa Mingoyo uliyenyoosha mkono tangu mwanzo.