Kabla ya Uzamivu, Jifunzeni Kelele

Habari za mchana. Wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa niseme namna ya kujiandaa kwa shahada ya uzamivu katika fizikia ya mashimo meusi na mawimbi ya uvutano. Naona wengi mmeshika kalamu mkisubiri majina ya vyuo. Nitayafikia nikipata muda. Kwanza nina jambo ambalo nalisema kila mwaka: jifunzeni kelele, yaani kila mtetemo unaoingia kwenye data bila kuwa wimbi mnalolitafuta.

Ya Septemba 14, 2015 mnayajua, sirudii: vigunduzi vya LIGO kule Marekani vilinasa kwa mara ya kwanza wimbi la uvutano, mtikisiko wa anga lenyewe, kutoka mashimo meusi mawili yaliyoungana. Kumbukeni tu kwamba wimbi lile lilisikika kwa muda wa kama sehemu ya tano ya sekunde, na mikono ya kigunduzi, yenye kilomita 4 kila mmoja, ilibadilika urefu kwa kiasi kisichofika hata sehemu ya mia ya upana wa protoni, chembe iliyo ndani ya atomu. Chombo kinachohisi hilo kinahisi kila kitu: upepo, malori, bahari inayopiga pwani ya mbali. Mwaka 2017 kule Hanford, kimoja cha vituo viwili vya LIGO, kunguru walikuwa wakidonoa barafu iliyoganda kwenye bomba, na midomo yao ikaonekana kwenye data. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa habari za kunguru.

Kijana mmoja, shahada yake ya kwanza ni ya alama za juu kabisa, alinijia akihema na grafu mkononi. Ilikuwa na mwiba mrefu, mwembamba, kwenye hezi 60 kamili, yaani mitetemo 60 kwa sekunde. "Shikamoo Mwalimu, nimelipata wimbi!" Nikamwuliza, umeme wetu ni hezi ngapi? Hamsini. Na wa Marekani? Akanyamaza. Alichokipata ni gridi yao ya umeme. Na huyu ni mtu aliyeweza kukokotoa suluhisho la Schwarzschild, lile la milinganyo ya Einstein kwa shimo jeusi lisilozunguka, ubaoni bila kufungua kitabu! Hakuwahi kukaa na data, basi. Nikamrudisha. Baada ya wiki akaja na miiba mingine, karibu na hezi 500, na safari hii alizungumza taratibu: "Mwalimu, nadhani hizi ni nyuzi zinazoning'iniza vioo, zinatetema." Ndizo. Barua yake ya udhamini niliiandika usiku uleule.

Najua atainuka mtu aseme hatuna kompyuta kubwa na bando ni ghali. Hoja hii imenichosha. Data ya LIGO iko wazi, bure. Faili la sekunde 32 la tukio lile la kwanza, kwa vipimo 4,096 kila sekunde, ni namba 131,072, kama megabaiti moja. Video ya harusi ya binamu yako inakula bando kuliko hilo. Laptopu ya mtumba inatosha.

Mwingine atasema, mimi ni wa nadharia. Vizuri, lakini nadharia ndiyo inayotupa sauti ya kutafuta. Mama yako akikuita katikati ya Kariakoo unamsikia, ingawa wauza nguo wanapaza kuliko yeye, kwa kuwa sauti yake unaijua. Nasi tunafanya hivyohivyo: unachukua umbo la wimbi ulilolikokotoa, unalipitisha juu ya data hatua kwa hatua, na pale linapooana namba inaruka. Hata hapo usishangilie. Wimbi lile la 2015, kituo cha pili, Livingston, ndicho kilicholihisi kwanza, Hanford ikafuata baada ya milisekunde 7 hivi. Ungekuwa na kituo kimoja tu, ungeapa kwa ushahidi gani kwamba si kelele?

Muda unakimbia. Tensa, hesabu zinazobeba nadharia ya Einstein, na jiometri ya anga iliyopinda, msizikimbie. Takwimu za Bayes, za kupima uwezekano wa dhana kwa ushahidi, anzeni sasa. Python, lugha ya kuandikia programu, kila siku. Mkimwandikia profesa, msimweleze mnavyoyapenda mashimo meusi. Mpelekeeni grafu mliyoichora wenyewe. LISA, mradi wa kutafuta mawimbi haya kwa vigunduzi vya angani, iliidhinishwa na Ulaya Januari 2024 na inatarajiwa kurushwa 2035. Anayeanza uzamivu leo atakuwa ameiva.

Ufadhili tutauongea kwenye maswali. Nani amekuja na laptopu? Ifungue. Jirani yake, msogelee.