Gaza: Polio Iliyopita Kwenye Majitaka

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie afya ya Wapalestina, na nadhani wengi mmekuja kusikia habari za majeruhi. Hao mnawaona kwenye runinga kila jioni. Mimi leo nitazungumzia kinyesi. Chekeni tu, lakini habari yenyewe iko hapo.

Juni 2024 zilichukuliwa sampuli za majitaka Khan Younis na Deir al-Balah. Julai majibu yakatoka: kirusi cha polio aina ya 2. Agosti ikathibitishwa kwamba mtoto wa miezi kumi, huko huko Deir al-Balah, amepooza mguu. Gaza ilikuwa imekaa miaka 25 bila mgonjwa wa polio.

Kirusi hicho asili yake ni chanjo. Naona mmeshtuka. Chanjo ya matone ina kirusi kilichodhoofishwa, na mtoto akishachanjwa hukitoa kwa haja kubwa. Wenzake wakiwa wamechanjwa, kinakosa pa kushika. Wasipochanjwa, na choo kimefurika mlangoni mwa hema, kinazunguka mtoto kwa mtoto mpaka ukali wake unarudi. Sisi Tanzania aina hiyo tuliipata mkoani Rukwa mwaka 2023; wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba na matone. Gaza wangepita nyumba zipi?

Na msiwalaumu wazazi. Mwaka 2022 chanjo ya polio kule ilifikia asilimia 99, wangapi hapa tunaota kiwango hicho? Kilichoanguka ni vinavyoibeba chanjo: mafuta ya jenereta, jokofu, pampu za majitaka, barabara.

Hayo nayo yalianza kulegea kabla ya vita kuanza Oktoba 2023. Tangu mzingiro wa 2007, kuingiza pampu au bomba ni kuomba ruhusa ya Israel. Maji ya visima, zaidi ya asilimia 95 hayakufaa kunywa. Tiba ya mionzi haikuwepo kabisa. Mgonjwa wa saratani alipelekwa Hospitali ya Augusta Victoria, Jerusalem Mashariki, akipata kibali. Mwaka 2017 maombi yaliyokubaliwa kwa wakati yalikuwa 54 tu katika kila 100. Una uvimbe kwenye titi, miadi ni Jumatatu, kibali hakijajibiwa. Unaomba upya, na uvimbe haungoji.

Septemba 1, 2024 kampeni ilianza. Mapigano yakasitishwa kwa saa kadhaa kwa siku, eneo moja baada ya jingine, na watoto wapatao 559,000 wakapewa matone na kupakwa wino kidoleni. Kumbe bunduki zinaweza kunyamazishwa, wakubwa wakitaka.

Lakini matone yale ni ya polio tu. Mwezi Agosti huo huo UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi wa Kipalestina, ilisema vituo vyake vimeona wagonjwa karibu 40,000 wa homa ya ini aina A tangu vita vianze, wakati kipindi kama hicho kabla ya vita walikuwa 85. Kinga ya homa hiyo ni maji safi na sabuni, navyo hupita mpakani kwa ruhusa.