Bill Veeck, tajiri aliyekaa na sisi wa jukwaa la jua

Haya jamani, shikamooni wazee wangu, na wengine mambo vipi. Nimepewa dakika chache, najua nusu yenu besiboli hamuielewi, msijali, hata mi mwaka wangu wa kwanza Chicago nilikuwa naenda uwanjani kula tu.

Namuongelea Bill Veeck, tajiri wa timu ambaye hela zenyewe hakuwa nazo kivile, alikuwa anatafuta wenzake wanachanga ndo wananunua timu. Vita ya pili ya dunia alikuwa Bougainville, mzinga ukamponda mguu, baadae ukakatwa, akawekewa wa mbao, sasa yeye akautoboa tundu akaufanya kisahani cha majivu ya sigara! Mnacheka eeh, ndo mtu mwenyewe huyo.

1946 akanunua timu ya Cleveland. Julai 1947 akamleta Larry Doby, mweusi wa kwanza kwenye Ligi ya Amerika, moja ya zile ligi kuu mbili za besiboli, haijapita hata miezi mitatu tangu Jackie Robinson, mweusi aliyewatangulia wenzake zama hizo, aanze kule ligi nyingine. Na hapa ndo nampendea, Doby alikuwa mchezaji wa Newark Eagles, timu ya weusi, Veeck akakaa na mwenye timu, mama Effa Manley, akamlipa. Robinson yeye alichukuliwa, timu yake ya zamani haikupata hata senti. Mwaka uliofuata akamsajili Satchel Paige, mrushaji wa miaka 42, watu wakasema huyu anatuletea vituko, mzee akashinda mechi sita akafungwa moja, Cleveland wakabeba kombe la 1948 na mpaka leo hawajalibeba tena.

Vituko alikuwa navyo kweli lakini. 1951, akiwa na timu ya St. Louis, alimuingiza Eddie Gaedel, mtu wa futi 3 na inchi 7, jezi namba moja ya nane, yani 1/8. Mpira halali lazima upite kati ya magoti na kifua cha mpigaji, sasa kwa kimo kile mrushaji apitishe wapi? Mipira minne yote ikapita juu, na ikiwa minne sio halali mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, Gaedel akatembea zake mpaka pale. Nilichekaga sana zamani, siku hizi nacheka nusu, maana yule naye mtu, sio kiroja.

Na 1979, ameshainunua White Sox ya Chicago mara ya pili, ukaja ule usiku wa kulipua sahani za muziki wa disko katikati ya mechi mbili, ukija na sahani unaingia kwa senti 98. Watu wakavamia uwanja, mechi ya pili Detroit wakapewa ushindi wa mezani. Wengi walisema ile ilikuwa chuki kwa muziki wa weusi na mashoga, na mi siwezi kuwabishia. Wazo halikuwa lake ila timu ilikuwa yake.

Alivyouza timu 1981 hakwenda kujificha. Akawa anaenda uwanja wa Wrigley, kwa wapinzani Cubs, timu nyingine ya Chicago, fikiria mtu katoka kumiliki Simba halafu anakaa jukwaa la Yanga, tena viti vya bei ya chini kabisa, juani, shati kavua, anapiga stori na yeyote aliyekaa karibu. Na chini ya jukwaa lile kuna ukuta umefunikwa majani mabichi, mkienda mtayaona, aliyeyapanda ni yeye, 1937, akiwa kijana anafanya kazi pale pale.