Nani Apewe Nyekundu? Mhadhara juu ya rangi za ramani katika historia mbadala

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikiitetea hoja hii, na waliochoka nayo wanivumilie tena, kwa kuwa ramani ninazoletewa bado zina kosa lile lile. Mchoraji anabuni historia mbadala, yaani ya mambo ambayo yangeweza kutokea lakini hayakutokea, anaipa mantiki, anapanga vita na mikataba kwa uangalifu mkubwa, kisha anapofika kwenye rangi anachukua yoyote iliyo karibu na mkono wake. Rangi katika ramani ya kisiasa ni dai. Anayeipaka kabla ya kujiuliza ni nani katika historia yake anayedai nini, amekwisha kumwambia msomaji jambo ambalo hakulikusudia.

Mfano wangu ni ule ule. Mwaka 1886 Ureno ilichora ramani iliyopaka rangi ya waridi ukanda wote wa kutoka Angola hadi Msumbiji, ukiwemo sehemu kubwa ya nchi ambazo leo ni Zambia, Zimbabwe na Malawi, ikaiambatisha kwenye mikataba yake na Ufaransa na Ujerumani. Wareno wanaiita Ramani ya Waridi mpaka leo. Katika eneo kubwa la ukanda huo hapakuwa na karani wala askari wa Lisbon, bali palikuwa na watawala wenye majeshi yao, akina Lewanika wa Walozi na Lobengula wa Wandebele, ambao hakuna aliyewauliza wanapenda kupakwa rangi gani. Tarehe 11 Januari 1890 Uingereza iliitaka Ureno iondoe watu wake katika nchi ya Wamashona na bonde la Shire, na Lisbon ikasalimu amri. Kichekesho ni kwamba sehemu kubwa ya nchi hizo baadaye ilipakwa waridi vilevile, safari hii katika atlasi za Waingereza, waliozoea kuzipaka nchi za dola yao nyekundu, na nyekundu hiyo mara nyingi ilichapwa ikiwa imefifishwa ili majina ya miji yasomeke. Mtu akizishika ramani hizo mbili bila ufunguo wa maana za rangi atadhani kwamba Ureno ilishinda.

Sasa mnaniletea historia ambamo Ureno ilishinda kweli, na ukanda ule mmeupaka waridi. Kwa macho ya msomaji waridi imekwisha kuolewa na Uingereza, na talaka yake haipatikani kwa sababu tu nyinyi mmebuni mkataba. Ipeni Ureno rangi nyingine, kijani kwa mfano, na pale ambapo inadai bila kutawala, choreni milia ya mshazari juu ya rangi ya mwenyeji.

Najua kuna atakayeniambia kwamba historia hii ni ya kubuni, kwa hiyo hatuna sababu ya kufungwa na mazoea ya atlasi za zamani. Ndugu yangu, kwa kuwa ni ya kubuni ndiyo maana tunafungwa! Msomaji hana kumbukumbu ya mambo ambayo hayakutokea, na kinachomjulisha kwamba historia imechepuka ni kuiona rangi anayoifahamu imesimama mahali isipopaswa kusimama. Ninakubali hali moja tu iliyo tofauti: ramani inayodai kuwa ilichapishwa Lisbon ndani ya historia hiyo mbadala inaweza kuwa ya waridi, mradi kichwa chake kiseme hivyo waziwazi.

Huku kwetu pwani jambo ni gumu zaidi. Tuseme Sultani Barghash wa Zanzibar angebaki na mwambao wake wote. Bendera yake ilikuwa nyekundu tupu, na Uingereza pia inadai nyekundu. Historia yenyewe iliyotokea haitusaidii, kwa sababu makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalimtambulia Sultani ukanda wa maili 10 kutoka baharini, Ujerumani ikainunua sehemu ya kusini mwaka 1890 kwa mark milioni 4, ilhali sehemu ya Kenya ilibaki mali yake kisheria, na bendera yake ikapepea Fort Jesus, Mombasa, hadi 1963, huku atlasi nyingi zikipaka Mombasa na Nairobi rangi moja. Mimi ningempa Sultani nyekundu iliyokolea na Mwingereza waridi hafifu. Milia haitafaa hapa, kwani katika ramani ya kipimo cha 1:10,000,000 ukanda ule hautimizi hata milimita 2, kwa hiyo tumieni mstari mnene wa rangi ya Sultani kando ya pwani.

Yaliyobaki nitayapitia mbio. Msijitetee kwa kusema kwamba rangi nne zinatosha ramani yoyote bila nchi jirani kufanana, kama wasemavyo wanahisabati. Uthibitisho uliotolewa mwaka 1976 unahusu nchi zisizo na vipande vilivyotengana, na mwanahisabati Heawood alionyesha tangu 1890 kwamba kila dola ikiwa na vipande viwili, rangi 12 zinaweza kuhitajika. Msiweke nyekundu na kijani za uzito mmoja bega kwa bega, maana wako wasioweza kuzitofautisha. Kijivu cha "nchi tupu" kifutwe kabisa, kwa kuwa Wakikuyu hawakuwa na mfalme lakini nchi yao haikuwa tupu.

Nilikusudia kuzungumzia maji, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Itoshe kuomba kwamba Ziwa Viktoria lisipakwe buluu ile ile mliyoipa Ufaransa.