Imejaa, lakini bado inafanya kazi? Maongezi kuhusu oili, kulanti na mafuta ya breki

Haya jamani, walioko nyuma sogeeni tusikilizane. Leo matairi na betri tuviache, nataka tuongelee vitu vya majimaji ndani ya gari, yaani oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, oili ya giaboksi, kwasababu wengi wetu tukifungua boneti swali letu ni moja tu, ipo au haipo? Ikionekana imejaa tunafunga tunaondoka. Kujaa peke yake hakutoshi, kitu kinaweza kujaa mpaka juu na kimeshachoka zamani.

Naanza na mafuta ya breki maana ndo yamesahaulika kuliko yote. Ukikanyaga pedali unayasukuma yale mafuta kwenye mabomba mpaka kwenye magurudumu, na kwavile mafuta hayabonyei nguvu ya mguu wako inafika yote. Sasa haya tunayotumia wengi, DOT 3 na DOT 4, yaani madaraja ya mafuta ya breki yanayoandikwa kwenye chupa, yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, kidogokidogo, mpaka kupitia mipira ya breki, hata gari ikiwa imepaki tu. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kufika kama asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Sasa chukulia uko kwenye mteremko mrefu, gari imejaa watu, mguu uko kwenye breki muda wote, diski zimepata moto, joto linapanda mpaka kwenye kaliperi, kile kifaa kinachobana padi kwenye diski, yale mafuta yanachemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali inazama mpaka chini na gari inazidi kwenda! Na kikopo chake ukikiangalia kimejaa vizuri kabisa. Hili linaniuma sana kwasababu kuyabadilisha ni kazi ndogo, magari mengi yanashauriwa kila miaka 2 hata kama hayatembei sana. Alafu ukikuta yamepungua usikimbilie kuongeza, padi zikiisha pistoni za kaliperi zinasogea na mafuta yanazifuata, kwahiyo angalia padi kwanza na uangalie kama kuna sehemu inavuja.

Rejeta. Najua kuna mtu atasema mimi naweka maji ya bomba miaka yote na gari haijawahi kuchemsha. Sawa, lakini kulanti, yaani ile dawa ya rejeta, haiko pale kupooza tu, inazuia kutu ndani ya injini na inafanya maji yachelewe kuchemka, na penye baridi kali inazuia yasigande. Maji ya bomba mengi yana chumvichumvi zinazoganda kwenye vijitundu vya rejeta mpaka vinaziba, kwahiyo ukichanganya tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kiwandani. Na dawa ya kutu inaisha hata kama rangi bado inang'aa. Rangi yenyewe isikudanganye, kila kampuni inachagua yake, angalia kitabu cha gari kinataka aina gani. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto, mle ndani kuna presha na maji yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, ukilegeza tu yanakurukia usoni. Na geji nayo usiiamini asilimia mia, sensa inapima maji, maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kukaa chini huku injini inaungua.

Oili wengi mnaijua. Gari iwe sehemu tambarare, zima, subiri dakika chache, chomoa stiki, kile kijiti cha kupimia oili, ifute, irudishe, ichomoe tena ndo usome. Kuwa nyeusi tu sio ugonjwa, hasa kwenye dizeli, ni kwamba inabeba masizi. Ila ikiwa na weupe kama wa maziwa maji yameingia, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa, hapo usiwashe, mwite fundi. Na tuache kuweka oili nzito tukidhani ndo inalinda zaidi, ikiwa nzito kuliko injini inavyotaka inachelewa kufika juu unapowasha asubuhi, na chuma kinasagana na chuma muda huohuo.

Giaboksi ya otomatiki inataka oili ya aina yake haswa, na kama ni CVT, ile inayotumia mkanda badala ya gia, usikubali mtu akuwekee ATF ya kawaida, yaani oili ya otomatiki nyingine, mkanda wake wa chuma unategemea oili yake maalumu usiteleze. Kama ina stiki, itoe unuse, harufu ya kuungua inatosha kukupeleka kwa fundi.

Oili chafu msimwage chini wala mtaroni, weka kwenye dumu upeleke wanakokusanya. Haya, yule aliyenyoosha mkono pale tangu nikiwa kwenye breki, uliza.